Gari Lililoungwa Vizuri Mno

Mtaani walimwita Nyundo, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyohivyo. Alikuwa fundi wa bodi za magari kwa miaka thelathini na mmoja, kazi ya kunyoosha mabati yaliyokunjamana, na mdomo wake ulikuwa mgumu kuliko bati lolote alilowahi kulinyoosha. Mpe chai, atasema kikombe kina ufa. Mwonyeshe mtoto mchanga, atatazama kwanza kama masikio yamelingana. Roho yake haikuwa mbaya. Tangu ujana alilipwa kwa kuona kasoro, na jicho la namna hiyo halina swichi ya kulizima mtu akifika nyumbani.

Aliyepata tabu zaidi na jicho hilo ni mdogo wake, kitindamimba wa mama yao. Huyu alisoma, akapanda ngazi ofisini hadi akawa meneja, na tangu siku hiyo mama mtu akaanza kumwita Meneja hata mezani, ukoo mzima ukafuata. Meneja aliponunua makochi, Nyundo alisema miguu imebandikwa kwa gundi. Alipoezeka nyumba, Nyundo alisimama uani, akafumba jicho moja, akatangaza kuwa paa limeinama upande wa choo. Lilikuwa limeinama kweli, upana wa kidole, lakini nani alimwuliza? Ikafika mahali Meneja akinunua kitu anakifunika shuka hadi kaka yake apite.

Kwa hiyo Jumamosi ile Meneja alipokuja gereji, miwani ya jua usoni, akasema, "Kaka, nataka twende wote, kuna gari nataka uliangalie kabla sijalichukua," Nyundo alifurahi hadi akaficha uso kwenye kitambaa cha kujifutia grisi. Aliitwa yeye, si mtu mwingine. Akavua ovaroli, akanawa hadi viwikoni, akavaa shati la kutokea.

Njiani Meneja hakunyamaza.

"Ni spoti, kaka. Milango miwili, viti viwili, ngozi tupu ndani. Limetumika kidogo tu. Si unajua wamenihamishia tawi la mbali? Nitakuwa narudi kila wiki kumwona mama. Barabara yote ni lami, imenyooka. Nataka kitu cha kukata upepo."

"Na hicho kitambi utakiingizaje humo?"

"Umeanza."

"Sijaanza. Nimeuliza tu."

Yadi ya kuuzia magari ilikuwa imezungushiwa vibendera vya plastiki, na magari yamepangwa safu safu yakinuka nta. La Meneja lilikaa peke yake chini ya kibanda cha turubai, jekundu, limelala chini chini, taa zake nyembamba. Nyundo alilipenda kabla hajalijua. Muuzaji, bwana mmoja mwenye simu mbili na maneno matamu, alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena ili wausikie unavyolia. Ulilia kwa upole, tup, basi.

Nyundo hakuwa mtu wa kuamini macho peke yake. Kazi yake aliikagua kwa kiganja cha kushoto, macho yamefumbwa, akilipapasa bati taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Alipita boneti. Alipita mlango. Alipofika juu ya gurudumu la nyuma, kiganja kilisimama chenyewe.

Alirudisha mkono nyuma, akapapasa upya, na mkono ukasimama palepale.

Miaka miwili iliyopita mteja mmoja alimletea mizoga miwili ya magari ya spoti ya aina moja juu ya lori. Mmoja ulikuwa umepondeka mbele, mwingine nyuma. Akataka nusu mbili nzima ziunganishwe ziwe gari moja. Nyundo alimwambia wazi kuwa gari lililokatwa katikati na kuchomelewa halifai kukimbia: likienda polepole litadumu, lakini likipigwa mbio halafu likutane na shimo au kizuizi, litaachana palepale lilipoungwa. Mteja akacheka. Akasema halitakimbia popote, ni la kuweka ukumbini watu wapige picha.

Nyundo alitaka kuamini, akaamini. Tuseme ukweli: hakuwahi kuwekewa mbele yake kazi nzuri kama ile, na angeambiwa lolote angeitikia. Ilimchukua miezi minne. Hakutumia pati ya kuzibia mabonde hata kijiko. Kila bonde alilinyanyua kwa nyundo hadi bati likakaa lenyewe. Mshono aliupitisha chini ya viti na kuupandisha kwenye nguzo za milango, akausaga ukalala. Alikwangua rangi yote ya nusu zote mbili, akapiga upya nyekundu, nyembamba kama ya kiwandani, hadi gari likafanana na mengine yote ya aina yake, na chini kote akapaka lami nyeusi. Palibaki sehemu moja tu, juu ya gurudumu la nyuma, iliyomshinda. Ilikuwa imepanda kiasi cha unywele. Hakuna jicho lingeiona. Kiganja chake kiliijua.

Sasa kiganja kilikuwa juu yake.

"Tuondoke," alisema.

"Tuondoke wapi? Hata injini hujasikiliza."

"Tuondoke, nitakwambia njiani."

"Niambie hapahapa, kaka. Mwenye mali yupo, tusimsengenye."

Nyundo akaonyesha boneti. "Limeungwa. Hii mbele ni ya gari jingine."

Muuzaji hakukasirika hata kidogo, na ndipo Nyundo alipoelewa kuwa naye hajui. Alikuwa amelinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Akamwita mkaguzi wake, bwana makini mwenye daftari na kidude cha kupimia unene wa rangi. Mkaguzi alipima mbele, katikati na nyuma, namba zilifanana. Akapitisha sumaku mwili mzima. Ikanata kila mahali, hakuna pati. Akalala chali na tochi, akaingia chini, akakaa huko muda wa kutosha, akatoka akijipangusa mabega.

"Mzee," alisema kwa heshima, "mimi nimekagua magari mengi. Hili halijaguswa na mkono wa fundi."

Mungu amsamehe Nyundo, kwa sekunde moja alisikia raha. Raha ikapita, hofu ikarudi na nguvu mara mbili.

"Ng'oeni kiti. Mkunje kapeti mtazame."

"Likishanunuliwa, mwenyewe atang'oa hata injini akipenda," alisema muuzaji. "Hapa hatung'oi."

Na hata wangeng'oa, Nyundo alijua watakachokuta: bati laini, rangi safi. Ili mshono uonekane ingebidi achome rangi kwa moto na kukwangua, na nani angemruhusu afanye hivyo kwenye gari la watu? Ikabaki njia moja.

"Ni mimi niliyeliunga," alisema. "Kwa mikono hii."

Meneja alimtazama, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Angalau cha dharau mtu angekijibu. Alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akisema amemwona simba sebuleni.

"Wewe, kaka? Kwenye kile kibanda chako?" Akamgeukia muuzaji, akamwomba radhi kwa macho. "Kaka yangu ni fundi mzuri sana. Ananyoosha milango ya malori."

Hapo Nyundo alijisikia mdogo kuliko siku zote za maisha yake. Lakini alijikaza. Akamshika Meneja mkono, akamvuta hadi kwenye gurudumu la nyuma.

"Weka kiganja hapa. Fumba macho."

Meneja, ambaye alilelewa vizuri, alifumba macho. Nyundo aliuweka mkono wake juu ya ule wa mdogo wake, ule mkono laini wa kushika kalamu, akauendesha polepole juu ya bati.

"Hapo. Panapanda. Umesikia?"

"Laini, kaka."

"Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo."

"Laini kama maji, kaka. Niseme uongo ili ufurahi?"

Akafumbua macho, na safari hii hakucheka. Akamsogeza kaka yake pembeni ya turubai.

"Makochi uliyasema. Paa ulilisema. Mke wangu tulipomleta nyumbani ulisema anatembea kama mtu wa mguu mmoja mfupi. Nitajie kitu changu kimoja tu ulichowahi kusema ni kizuri. Kimoja, kaka, halafu tunaliacha hili gari tunaondoka."

Nyundo alifungua mdomo. Alitafuta. Vizuri vilikuwepo tele: ile nyumba ilikuwa nzuri, shemeji yake alikuwa mwanamke wa maana, watoto walikuwa na adabu, na mara ngapi alikuwa amewasimulia wenzake gereji kwamba mdogo wake ni meneja! Lakini mbele ya Meneja mwenyewe hakuwahi kukitamka hata kimoja. Alisimama hivyo mdomo wazi, na Meneja akamsubiri muda mrefu kuliko ambavyo wengi wangesubiri.

"Haya," alisema Meneja, akaenda kutia saini.

Alasiri hiyo Nyundo alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliitafuta namba ya yule mteja wa mizoga, haikupatikana tena. Alifikiria kituo cha polisi, akajiona amesimama kaunta na kiganja chake mbele ya watu wenye kadi halali ya gari na ripoti ya ukaguzi yenye muhuri. Mwisho akaenda kwa Meneja, akambembeleza kama ambavyo hakuwahi kumbembeleza mtu.

"Niache nitoe kiti kimoja tu. Nichome rangi kiasi cha kiganja. Nisipokuonyesha mshono, nitalipaka upya gari zima na sitakanyaga tena kwako."

"Hutaligusa gari langu, kaka," alisema Meneja. "Kila kitu changu umekigusa kwa mdomo. Hiki hutakigusa kwa spana."

Asubuhi iliyofuata Nyundo alikimbilia kwa mama yao, kwa kuwa ndiye binadamu pekee ambaye Meneja hakuwahi kumbishia. Alimkuta ameshavaa, kanga mpya kichwani, mkoba mapajani, amekaa ukingoni mwa kitanda kama mtoto anayesubiri sikukuu. Meneja alikuwa anakuja kumchukua akaione nyumba yake ya huko alikohamishiwa. Safari ya kwanza ya gari ilikuwa ya mama.

Nyundo akakaa chini sakafuni, karibu na miguu ya mama, akamweleza yote: mizoga miwili, mshono, ule uongo wa ukumbini alioukubali kwa kupenda kazi. Hakuficha kitu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, mkono wake begani kwa mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "nilijua iko siku utaniletea haya. Wewe ndiye mkubwa. Ulitakiwa uwe na gari wewe. Mimi naliona hilo, na linaniuma."

"Mama, si wivu."

"Sijasema wivu. Nasema nakuelewa."

"Mama, litakatika. Akilikimbiza litakatika katikati, na wewe utakuwa humo."

"Basi nitamwambia aende polepole," alisema mama, na akamfuta mwanawe jasho la uso kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anavyofutwa mgonjwa asiyejua anachosema. Honi ikalia nje.

Majirani walikuwa wameshatoka. Walilizunguka gari jekundu wakilila kwa macho, wakijitazama ubavuni mwake, na mama mmoja wa nyumba ya pili akasema hajawahi kuona bati lililonyooka hivyo. Nyundo alienda akasimama mbele ya gari, mikono miwili juu ya boneti. Meneja alishusha kioo.

"Baba, toka njiani," alisema mama kwa sauti ya chini. "Watu wanatazama."

Nyundo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na bado sauti hiyo ilimsogeza. Alizunguka, akamsaidia mama kukaa, akamfunga mkanda, akaukaza, akaukaza tena hadi mama akalalamika kuwa unambana. Akainama dirishani.

"Polepole, mdogo wangu. Nakuomba. Nimekosa kwa yote niliyosema. Nyumba yako ni nzuri. Mkeo ni mzuri. Nenda polepole."

Macho ya Meneja yakalainika. "Asante, kaka," alisema. Alikuwa ameguswa kweli. Akaingiza gia.

Gari likateleza barabarani bila kelele. Nyundo alibaki amesimama kiasi cha pumzi mbili tatu, kisha miguu ikamtangulia akili, akaanza kukimbia. Alikimbia katikati ya barabara, ndala moja ikamtoka, akaiacha, mikono juu, akiita kwa sauti yake yote mdogo wake apunguze. Wanawake wa mtaani wakapiga vigelegele, walidhani anashangilia. Huko mbele Meneja alimwona kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, kaka yake alikuwa anakikimbilia kitu chake kwa furaha. Akatoa mkono dirishani, akaupunga, na ili kumfurahisha akakanyaga mafuta.