Sylvère na Bei ya Familia

Mtaa mzima wa Gasenyi hapakuwa na mtu aliyejua bei ya raha kumzidi Sylvère, wala aliyeionja kidogo kumshinda. Alikuwa karani wa ghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, bahili wa kumkamua inzi apate mafuta. Mwaka ule nchi ilipoondolewa vikwazo vya biashara, hoteli mbili za ufukweni zikaanza kunyang'anyana wateja kwa michezo ya watoto, naye akazunguka kati yake kama bwana mwenye wachumba wawili, wote hawamtaki.

Perle ilitoza familia elfu kumi na tisa kwa usiku mmoja, lakini chakula mbali, na mtoto akitaka tobogani, ule mteremko wa kuteleza hadi bwawani, alipiwe tena. Makao ya Kiboko ilitoza elfu ishirini na nne, kila kitu ndani, hata soda ya kwanza. Ukijumlisha vyote, Kiboko ilishinda kwa faranga mia tisa. Ushindi huo aliwasimulia wenzake kazini mpaka wakaanza kujificha nyuma ya magunia.

Ila Kiboko ilihesabu familia kwa daftari la nyumba, lile ambalo kila kaya iliandika wakazi wake na kuwaonyesha askari wakija kusaka waasi; asiyeandikwa humo alihesabiwa mwasi. La Sylvère lilikuwa na yeye, mkewe Concilie, watoto wao watatu, na Joëlla, binti wa dada yake aliyeuawa mwaka tisini na tatu. Joëlla alikuwa na miaka kumi na saba: mtu mzima wa ziada, elfu sita.

Sylvère alieleza kwamba Joëlla haji, anabaki kulinda nyumba, maana nyumba tupu ni zawadi kwa wezi. Yasmina wa mapokezi akamtazama kama mtu anayeomba punguzo la sanda.

"Papa, wenye wameandikwa ndiyo wanalipiwa. Mi nitajua je kama hatakuja Jumamosi na njaa yake?"

Alhamisi Sylvère alimpelekea mkuu wa mtaa bia mbili. Alirudi na mstari mwekundu juu ya jina la Joëlla, na muhuri wenye tarehe pembeni. Concilie alinuna, lakini watoto walishaanza kulala na kaptula za kuogelea. Joëlla aliambiwa ni karatasi tu, Jumatatu ataandikwa upya. Alicheka, akaomba wamletee ile sabuni ndogo ya hotelini.

Jumamosi alfajiri wakaenda. Tobogani ilikuwa nzuri kweli. Sylvère mwenyewe, na kitambi chake, aliteleza mara kumi na moja, kila faranga irudi nyumbani.

Waliporudi Jumapili mchana, mlango ulikuwa wazi. Jirani yao Adélaïde aliwasimulia akiwa amesimama mbali, kama vile balaa linaambukiza. Asubuhi ya Jumamosi askari walisaka nyumba kwa nyumba. Joëlla aliapa kwamba ameandikwa humo. Mkuu wa mtaa akaleta orodha yake, na jina limefutwa. Wakampakia kwenye lori.

Sylvère alikimbilia kambini na daftari kwapani. Kamanda alilisoma polepole, kidole juu ya mstari mwekundu.

"Umemufuta Alhamisi. Sisi tumekuja Jumamosi. Nani alikuambia tunakuja?"

Sylvère akaeleza yote: Perle, Kiboko, faranga mia tisa, elfu sita. Kadiri alivyozidi kusema kweli ndivyo kweli ilivyozidi kunuka. Mwongo wa kawaida angetunga kitu chenye heshima zaidi. Askari walicheka mpaka mmoja akashika ukuta, akamwomba arudie ile ya tobogani, naye, kwa kutaka kuaminiwa, akarudia.

Kamanda hakucheka. Joëlla alikuwa ameketi sakafuni hatua nne kutoka pale, bila viatu, mdomo umevimba.

"Kama ni wa kwako, ulikuwa unamuficha, basi unabaki naye hapa. Kama si wa kwako, chukua daftari yako uende."

"Tonton," Joëlla alimwita mjomba wake, "waambie mi ni nani."

Sylvère alimtazama miguu. Akasema msichana yule ni wa majirani, alikuwa akija tu kuosha vyombo. Kisha akanyoosha mikono miwili kulipokea daftari, kama adabu inavyotaka, akamshukuru kamanda, akatoka.