Mbeba Barua Kati ya Koni

Marlys Kucera aliingia dukani kwetu kununua mipira ya waipa, akatoka na jambo ambalo hakulifuata. Ilikuwa mwezi wa nne, barabara za changarawe zimeanza kukauka, na wakulima wote wa pande zetu za Nebraska walikuwa wanatazama mbingu wakingoja kupanda mahindi.

Mimi nauza vipuri vya magari. Marlys nilimjua kama kila mtu anavyomjua, kwa sababu ndiye anayetuletea barua. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana, sauti ya mtu aliyekulia kwenye ng'ombe. Kazi ya barua za mashambani aliifanya kwa gari lake mwenyewe, Subaru ya kijani yenye mgongo mrefu, na usukani wa gari hilo, tofauti na magari mengine ya kwetu Marekani yenye usukani kushoto, ulikuwa upande wa kulia ili ayafikie masanduku ya barua kando ya barabara bila kushuka.

Pale kaunta nilikuwa nimebandika tangazo la klabu yetu. Sisi ni watu wa kawaida wenye magari ya kawaida. Jumapili moja kila mwezi tunakwenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, tunapanga koni za plastiki za barabarani juu ya zege mpaka zinafanya njia yenye kona za kila namna, halafu kila mmoja anapita peke yake na gari lake, akishindana na saa. Ukiangusha koni, unaongezewa sekunde mbili. Ukipotea njia, mzunguko huo hauhesabiwi.

Marlys alilisoma tangazo lile mpaka mwisho, akarudi juu, akalisoma tena.

"Gaylen, hapa wanamfundisha mtu kuendesha?"

"Kujifunza kupo."

"Gari likiteleza je? Wanafundisha?"

"Likiteleza ndiyo utajifunza zaidi."

"Na nikija na hili langu la barua mtanicheka?"

"Hata ukija na jipya tutakucheka."

Akachukua mipira yake, akaondoka. Nilidhani ananitania. Sikujua kwamba mwenzangu alikuwa na jambo linalomla ndani kwa ndani.

Mwezi wa pili mwaka ule mvua ya barafu ilinyesha asubuhi yote, barabara ikateleza kama kioo. Marlys alikuwa anashuka kilima kidogo karibu na zizi la akina Hruska gari lilipoanza kwenda lenyewe. Alikanyaga breki, likaongeza kwenda. Alizungusha usukani, likakataa. Likaingia mtaroni kwa ubavu, likalala hapo limeinama, barua za watu zikamfunika kichwani. Hakuumia hata ukucha. Hruska alikuja na trekta akamvuta, wakacheka, akaendelea na kazi. Lakini tangu siku hiyo moyo wake ulikuwa haujatoka mtaroni. Kila kona mikono ilimtoka jasho. Hata barabara ilipokuwa kavu kama mfupa, alitambaa. Watu waliozoea kupata barua kabla ya chakula cha mchana wakawa wanazipata jua likishuka, na wengine wakaanza kumpigia simu mkuu wa posta. Marlys alisingizia gia. Mumewe, Verlyn, akaifungua gia ile mara mbili, asikute kitu, na mke wake asimwambie ukweli.

Basi Jumapili yetu ya mwezi wa tano ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na zege lilikuwa bado linang'aa maji, nikaona Subaru ya kijani inaingia getini polepole kama inakwenda mazikoni. Ikasimama mbali na wenzake. Marlys akashuka, akatazama magari ya watu yaliyojipanga, matairi mapya, watu wamevaa helmeti wanavuta mikanda.

"Gaylen," akaniita. "Hawa watu wanashindana."

"Kidogo."

"Ulisema ni mafunzo!"

"Wewe ndiye ulisema mafunzo. Mimi nilisema kujifunza kupo."

"Mshenzi wewe. Nageuza narudi nyumbani."

"Umeshakuja, dada. Ngoja angalau tukague gari."

Kukagua gari maana yake ni kuhakikisha breki zinashika, nati za magurudumu zimekazwa, na ndani hamna kitu kinachoweza kuruka. Hapo ndipo tulipopata kazi. Gari la mbeba barua ni ghala. Tulitoa trei za plastiki, chupa ya chai, koti la mvua, buti za theluji, kopo la biskuti za mbwa, maana kila shamba lina mbwa na kila mbwa anataka kitu, na mipira ile midogo ya kufungia barua, konzi kwa konzi, ikawa haiishi. Tukiinua zulia, mingine. Tukisogeza kiti, mingine.

Kijana mmoja anaitwa Tyrel Vondra, mwenye gari dogo la bluu lililoshushwa mpaka karibu liburuze tumbo, alikuja kusimama pembeni mikono mfukoni.

"Mama, barua yangu umekuja nayo?"

Marlys hakuinua hata kichwa. "Yako imerudishwa, kijana. Waliandika mwenye nyumba hajulikani."

Watu wakaangua kicheko, Tyrel mwenyewe akiwa wa kwanza, na nadhani ni hicho kicheko kilichomzuia Marlys kuondoka. Nikambandikia namba mlangoni kwa utepe wa bluu, hamsini na nne, nikamwazima helmeti, tukaenda kuitembea njia kwa miguu kama wanavyofanya wote kabla ya magari kuanza. Ukitembea, koni zinaeleweka. Ukiwa ndani ya gari, ni bahari ya rangi ya chungwa. Nilimwambia hivyo. Akasema amegawa barua kwenye theluji ya kufunika nguzo za uzio, koni hazimtishi. Kumbe.

Mimi nilikaa naye kama mwalimu, kiti cha kushoto, mahali ambapo miaka yote nimezoea kuwa na usukani. Mikono yangu haikujua iende wapi. Yule wa kuruhusu magari alikuja akainama dirishani kwangu, akaanza kunipa maelekezo, nikamwonyesha kwa kidole kwamba dereva ni huyo wa pili. Akazunguka gari zima akicheka.

Bendera ikapepea. Marlys akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho.

"Kanyaga mafuta," nikasema.

"Nimekanyaga."

"Huo ni unyayo tu umeweka. Kanyaga!"

Na kila tulipofika kwenye koni iliyo upande wake wa kulia, alipunguza mwendo, karibu asimame. Mguu ulikuwa umezoea. Kila kitu kilichosimama kulia kwake kwa miaka yote kilikuwa sanduku la barua.

"Usimpe barua huyo!" nikapiga kelele. "Pita! Hana barua!"

Akaanza kucheka, akakosa kona ya pili, tukatokea nje kabisa ya njia, mbele ya mzee aliyekuwa anasimamia koni, ambaye alivua kofia akatusalimia. Mzunguko umeharibika. Mzunguko wa pili tulifika mwisho, lakini polepole sana, na bado tukaangusha koni mbili.

"Nimekuwa wa mwisho," alisema tuliporudi kwenye foleni.

"Ndiyo."

"Wa mwisho kwa mbali?"

"Kwa mbali, Marlys. Siwezi kukudanganya."

Akakaza mkanda wake. "Basi hakuna cha kupoteza hapa."

Mzunguko wa tatu alikanyaga kweli. Gari lile zee likanguruma kama limeamshwa usingizini. Kona ya kwanza safi, zile koni za kupita huku na huku safi, nami nikaanza kufurahi. Kisha tukaingia kona ndefu ya kushoto kwa mwendo ambao sikuwa nimeuomba, mahali ambapo zege lilikuwa halijakauka. Marlys aliogopa katikati, akaachia mafuta ghafla, na nyuma ya gari ikasema kwaheri. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetumbukia maji ya baridi. Uwanja wote ukapita mbele ya kioo, mnara, magari, watu, mashamba, mnara tena. Tukasimama tumeangalia tulikotoka. Kutoka chini ya viti ikabingirika biskuti ya mbwa, ikafuatwa na mipira ya kufungia barua ambayo tuliapa tumeimaliza.

Mikono yake ilikuwa imeshika usukani mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Wasimamizi walikuwa wanapepea bendera nyekundu kumzuia anayefuata.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana." Akatazama nje, kulia, kushoto. Zege tupu pande zote. "Gaylen. Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Hakuna mtaro."

"Mtaro utoke wapi? Huu ni uwanja wa ndege."

Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, akaegemeza helmeti kwenye usukani, mabega yanatikisika, na nilipotazama vizuri nikaona anacheka na kulia kwa pamoja. Hapo hapo, watu wakitungoja, akanieleza yote, kilima, barafu, barua kichwani, gia aliyoisingizia. Miezi mitatu hakuwa amemwambia mtu. Nikamwambia sawa, mama, lakini tusogee kwanza, Tyrel anataka kupita.

Tulipokuwa tunangoja zamu ya mwisho nilimfundisha nilichokijua. Gari likianza kuteleza, tazama unakotaka kwenda, usitazame unachokiogopa. Mikono itafuata macho. Usiachie mafuta kwa hofu, wala usirukie breki. Ni mambo machache. Alinisikiliza huku akitafuna biskuti; nilipoitazama vizuri niliona ni ile ya mbwa, nami sikumwambia.

Zamu ya mwisho kona ile ile ilitikisa tena gari, nami nikaona kichwa chake kinageuka kutafuta njia ya kutokea, mikono ikafuata, na gari likatii. Alipiga ukelele wa ushindi ambao nadhani watu wa mashamba ya jirani waliusikia. Hakuangusha koni hata moja. Tulipofika mwisho alikuwa bado wa mwisho kwenye kundi la wanaoanza, lakini sasa kwa sekunde chache tu, na alishuka garini anarukaruka kama aliyepewa uwanja wote.

Tyrel akampa mkono. "Mama, ile ya kuzunguka ilikuwa ya makusudi?"

"Nilisahau kifurushi, nikarudi kukichukua."

Verlyn alikuwa ameambiwa kwamba mkewe anakwenda kwenye kozi ya udereva, na aliporudi nyumbani Marlys alimwambia tu kwamba kozi ilikuwa nzuri. Lakini alisahau kubandua namba. Jumatatu akagawa barua zote na hamsini na nne mlangoni, na saa saba mchana alikuwa amemaliza. Watu walikimbia kutoka kwenye mabanda yao kuja kuuliza. Jioni Verlyn alikwenda kwenye ghala la nafaka, wakulima wenzake wakamlaki.

"Verlyn, tumesikia mkeo ni dereva wa mashindano."

"Mke wangu? Huyo anayesimama kumpisha kobe?"

"Amempita Hruska leo kwenye changarawe. Hruska amekula vumbi mpaka nyumbani."

Akarudi nyumbani moto. Marlys alikuwa jikoni anakanda unga wa kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye jamu katikati, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Unashindana magari na hukuniambia?"

"Niliogopa ungesema tutaharibu gari la kazi."

"Ningesema hivyo hivyo!"

"Unaona sasa."

Verlyn akavuta kiti. Ni mtu mkubwa, mkimya, na hasira zake huwa hazikai. "Na gia?"

Ndipo akamweleza habari ya gia. Kwa alivyonisimulia Marlys, Verlyn alimtazama akikanda mpaka unga ukawa tayari, kisha akasema, "Nimelala chini ya lile gari Jumamosi mbili, mwanamke," na baada ya hapo akainuka akamkumbatia, shati lake la kazi likajaa unga.

Mwezi uliofuata walikuja wote wawili. Verlyn amekalia trekta tangu miguu yake haijafika kwenye pedali, na alitazama zile koni kama mtu anayetazama mchezo wa watoto. "Ni hizi tu?" alisema. Tukamwandikisha kwenye gari lile lile. Kwa desturi yetu dereva wa pili huongezewa moja mbele ya namba, kwa hiyo akawa mia moja hamsini na nne. Marlys alipita kwanza, vizuri, akawapita wawili. Verlyn akaingia kulia, akapapasa akitafuta gia upande usio wake, akawasha waipa, akaondoka kwa kishindo. Kona ya tatu akakata kushoto badala ya kulia, akaendelea tu, akapita kati ya koni za njia ya kurudi, akafika mahali pa kumalizia akitokea upande wa kuanzia. Mtu wa saa akatoka kibandani kuona ni nini kimetokea.

"Amevuna shamba la jirani," Marlys alisema, na akalazimika kukaa chini.

Huu ni mwaka wao wa tatu. Marlys amenunua matairi ya mashindano, anayapanga kwenye chumba cha kulia chakula, na msimu uliopita alimaliza katikati ya kundi lake, mbele ya watu wenye magari ya maana. Tyrel humpigia simu kumwuliza habari za upepo wa matairi. Verlyn bado hajamshinda hata Jumapili moja. Anasema tatizo ni usukani, yeye amezoea kushoto, na mtu yeyote akimpa gari la kawaida tutaona.

Juzi walikuwa dukani kwangu wakibishana mbele ya kaunta.

"Basi nunua lako," Marlys akamwambia.

"Nitanunua."

"Nunua basi. Mbona husemi lini?"

Verlyn akanigeukia. "Gaylen, una kitu cha kumfanya mke apunguze mwendo?"

Nikamwambia hicho kimekwisha, na sidhani kitaletwa tena.