Kiti cha Shefu Hakiumi

Ijumaa saa tatu asubuhi, katika ofisi ya maji pale Goma, kimya kidogo hutangulia kabla Micheline, msaidizi wa shefu wa ofisi, hajaanza kusoma ripoti. Ni mahali pa kikohozi cha karani mzee aliyekuwa akizisoma kabla yake. Kila mara shefu alipokuwa safarini, karani alikifuta kiti chake kwa leso, akakohoa mara mbili, kisha akasimama wima mbele ya kiti kile kitupu na kukisomea ripoti za wiki, kituo kwa kituo, kidole chake chenye wino kikitembea chini ya kila mstari. "Muzee, kiti imeitika?" Benny wa stoo alimtania. "Inasikiaka kuliko weye," akajibu bila kuinua macho.

Ijumaa moja ripoti ya kituo cha Kalengera ilisema dawa ya kusafisha maji ingekwisha kesho yake. Shefu alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa, na bila sahihi stoo haifunguliwi. Karani akatoa kwenye faili karatasi ambayo shefu aliiacha: nisipokuwapo, Micheline atie sahihi. Micheline aliijua karatasi ile, na aliiogopa.

"Na nikikosea, muzee?"

"Utakosea kama shefu, mama. Ikala. Hii kiti haiume mutu."

Micheline akaketi, akatia sahihi, na ofisi nzima ikapiga makofi. Kabla ya adhuhuri Benny alikuwa barabarani na madumu ya dawa.

Sasa karani amehamishiwa ofisi ya maji ya Kiwanja. Shefu wa huko yuko likizo, na kila Ijumaa saa tatu kikohozi kinasikika mara mbili mbele ya kiti chake.