Kidonge cha nne mbele ya beau-père

Bakubwa, jambo kwenu bote. Mimi musomaji wa kimya humu, leo naandika. Ni mambo yangu mwenyewe, hata yenye kunipatisha haya sikuficha.

Niko fundi wa kushona hapa Mususa, Butembo. Tangu kijana nalalaka ovyo. Kwenye misa, kwa kinyozi, siku moja na mukate mukononi. Sindano ya mashine ilishapita vidole viwili.

Batu banacheka. Hata mimi nilicheka, mpaka siku ile nilisinzia na mutoto wetu Neema kwenye magoti, akaanguka kwenye simenti.

Aliumia kidogo tu, asante Mungu. Mais bibi yangu, mama ya Neema, alifunga nguo, akamubeba Neema, akaenda kwao Beni, commune ya Ruwenzori.

Beau-père, baba ya bibi yangu, akatuma neno: "Siku utaweza kukaa mbele yetu bila kulala, ukuje tuzungumuze."

Nikatafuta dawa. Munganga mumoja kule Kampala akanipima, akasema ni ugonjwa, hapana uvivu. Bakubwa, nililia. Miaka yote naitwa muvivu!

Akanipa modafinil, dawa ya kukaa macho, kidonge kimoja kila asubui. Akaniambia: "Usipandishe dose peke yako. Kuna batu hii inabashika." Mimi nikajibu: "Ndiyo docteur, ndiyo docteur."

Vraiment, ilisaidia. Nikasikia misa yote mpaka mwisho. Kumbe abbé wetu anahubiri murefu vile!

Shida ilikuwa nyumba. Zamani nikifika tu, nalala. Sasa niko macho, peke yangu, naangalia kiatu ya Neema chini ya meza. Upweke uliniuma, sitadanganya.

Nikaanza kumeza cha pili saa sita, eti nishone sana. Kile cha pili kiliniletea ka furaha fulani, kama vile mutu amepiga hodi. Kisha ka furaha kakakataa kuja na viwili. Nikaenda vitatu.

Boîte ya vidonge ya mwezi ikawa inaisha mbele ya mwezi. Nikapata duka moja yenye haiulizi ordonnance ya docteur. Usingizi ulinitoka, chakula hapana, moyo unakimbia. Nikajiambia niko muzima.

Siku ya kwenda kwa bakwe ikafika. Kwetu, mukwe hasemi. Musemaji wako ndiye anasema, wewe unakaa na adabu, macho chini. Donc baliniomba kitu kidogo sana: nisilale, ninyamaze.

Asubui ile nikameza vinne, juu ya woga. Tukapanda pikipiki, mimi, baba mudogo ambaye ni musemaji wangu, na mbuzi.

Baba mudogo alianza salamu tu, nikamukata. Nikaongea Kampala, nikaongea mashine, nikasimama, nikakaa. Nikamusahihisha beau-père mara mbili! Jasho inatiririka. Neema akaingia, nikamukamata kwa nguvu, akapiga kelele, akakimbilia mama yake.

Beau-père akaweka chini kopo yake ya kasiksi, pombe ya ndizi.

"Ule mwenye alikuwa analala, tulikuwa tunamujua," akasema polepole. "Huyu ni nani?"

Bibi yangu akaniangalia machoni.

"Papa Neema, umekunywa ngapi?"

"Kimoja."

Nilidanganya mbele ya bote, na yeye alijua.

Tukarudi Butembo na mbuzi yetu. Mwenye anajua desturi yetu anajua maana yake: bakwe balikataa, bibi harudi. Ililia njia yote.

Nilirudi kwa docteur, nikaungama yote. Tulipunguza polepole. Sasa ni kimoja, na mara ingine nasinzia kwenye mashine. Bibi anapigaka simu kila asubui: "Ngapi?" Najibu: "Kimoja." "Sawa." Anakata. Hiyo tu ndiyo sauti ya mutu ndani ya nyumba yangu.

Jana nilijibu: "Viwili. Nilishindwa."

Nikangoja akate. Hakukata. Nikasikia Neema nyuma anaimba kitu, tukamusikiliza sote wawili mpaka unités za simu zikaisha.

Funzo langu: ile dawa ilikuwa ya kuzuia usingizi, mimi nikaimeza juu ya upweke. Na uongo ulinifukuzisha kuliko usingizi.

Mwenye dawa kama hii ilishamushika, aandike hapa, alitokaje? Na mwenye kutaka kunitukana, atukane tu, nitasoma yote. Nikikawia kujibu, mujue nimelala. Si kitu.