Mlima Umevaa: Wimbo wa Binti Yangu na Jina Langu

Watu wa Uvira wakinikuta njiani siku hizi wananiuliza swali moja tu: yule mtoto ulimtengeneza namna gani? Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama kwenye jua, ndiyo maana nimeamua kuandika. Shule niliacha mwaka wa nne wa msingi, na mwalimu aliyenifukuza darasani, alipoozesha binti zake, alikuja kwangu kukodi vyombo vya muziki. Basi msitafute Kiswahili cha vitabuni hapa.

Mimi nilianza na mgongo. Bandarini Kalundu nilibeba mifuko ya simenti na unga kutoka kwenye boti hadi kwenye lori, na hakuna kijana aliyenishinda kukimbia na mzigo juu ya ubao wa kushukia. Siku moja boti ilileta amplifaya iliyoingia maji, mwenyewe akaitupa pembeni. Niliiokota, nikaianika juani siku tatu katikati ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, za wanawake, nikaifungua kwa kisu cha jikoni, nikaisafisha, nikaifunga. Ikaimba. Hakuna fundi aliyenionyesha. Mmoja wa wale wanawake wa ndagala alinicheka siku zote tatu, akiniuliza kama samaki wangu wa chuma ameshakauka. Huyo ndiye mke wangu.

Kutoka kwa amplifaya ile nilipata sono yangu ya kwanza, vyombo vya muziki vya kukodisha: masanduku mawili ya sauti niliyoyapigilia kwa mikono yangu, na kutoka kwa masanduku yale nilipata nyumba yangu ya Kilibula, yenye mabati yasiyo na tundu hata moja. Harusi ikifungwa kuanzia mjini mpaka Makobola, wanaita kwangu kwanza. Nikiwa na kazi nyingine, ndipo wanaita kwingine.

Binti yetu alilala juu ya masanduku hayo kabla hajajua kutembea. Watoto wengine wakishika mikro wanasema moja, mbili, moja, mbili. Yeye, akiwa na miaka mitano, aliishika akaimba, na wapishi wa harusi wakaacha vijiko ndani ya sufuria.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa mengine. Kwetu Kongo kuna kutupa mabanga. Mwimbaji anataja jina la mtu ndani ya wimbo, na mtu huyo anamkumbuka mwimbaji kwa kitu. Kwenye harusi nako, watu wakija wakicheza na zawadi zao, mwenye sono anataja majina yao. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Siku moja huko Makobola sauti ilinikauka, nikampa mtoto mikro. Alikuwa na miaka minane. Badala ya kutaja majina, aliyaimba. Mjomba mmoja wa bibi harusi, aliyeleta mbuzi, alisikia jina lake likizunguka ndani ya ule wimbo, akasimama, akarudi nyumbani mbio, akaleta na kitenge ambacho nadhani alikuwa amekusudia kukificha.

Toka siku ile nilijua nina nini mkononi. Nikamfundisha kuanza na jina langu na kumaliza na jina langu: jina lote, na la baba yangu, na lile la utani nililopewa na wapakiaji wa bandari. Aliliimba vizuri sana. Wakati mwingine nilisahau kwamba ni mimi, nikatamani kumjua huyo mtu.

Nililipa shule yake mpaka akapata diplome. Jumapili aliimba katika korali, na siku za shule, mchana akitoka, alishuka Kalundu kumsaidia mama yake kuanika ndagala. Nilidhani kule anajifunza kuuza samaki. Kumbe masikio yake yalikuwa kazini.

Wanawake wa pale mchangani wana namna yao. Ndagala zimetandazwa juu ya turubai na nyavu kuukuu, safu kwa safu, na mvua ya Uvira haitokei ziwani, inateremka kutoka milimani. Mwanamke wa kwanza kuona wingu likifunika kilele anaimba: «Mulima umevaa, kunja!» Wa pili anapokea, anampa wa tatu, mpaka sauti inafika mwisho wa ufuo, na nyuma yake turubai zinakunjwa moja baada ya nyingine. Usipopokea mwito, jirani yako atapoteza samaki wake wa siku nzima. Hata waliogombana wanapokeana.

Akiwa na miaka kumi na tisa, binti yangu aliniambia ana wimbo wake mwenyewe. Nikakaa juu ya jenereta pale uani, yeye akasimama mbele yangu. Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayeanika samaki huku akiangalia mlima, ana watoto, ana mume mwenye makelele, na kiitikio chake kilikuwa ule mwito wa mchangani: kunja, mama, kunja, mulima umevaa. Nimesikia wanamuziki wengi kupitia masanduku yangu. Mgongo huu uliobeba simenti ulisisimka kutoka juu mpaka chini.

«Iko muzuri,» nikamwambia. «Na minye niko wapi mule ndani?»

«Papa, uko mule. Njo ule bwana wa makelele.»

«Jina, mutoto. Niko nauliza jina.»

Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Mwezi huohuo alifika mama mmoja kutoka Bukavu, mwenye kuandaa tamasha la vijana kwenye uwanja wa mpira. Mwanamuziki mkubwa angekuja, sono ingekuwa yangu, bila shaka, na yule mama alitaka mwimbaji mmoja wa Uvira afungue. Mmoja tu. Huyo angeondoka nao kwenda Bukavu kurekodi wimbo wake katika studio ya kweli. Vijana wangesikilizwa siku ya Alhamisi.

Mimi sikungoja Alhamisi. Nilizunguka mji nikiwaahidi watu majina yao ndani ya wimbo. Nilimwahidi mwenye duka la unga, nikamwahidi mwenye boti aliyenisafirishia masanduku bure, kinyozi, shemeji yangu, wote walikuwa kumi na mmoja, na mimi mbele yao. Niliwaza hivi: wimbo wenye majina mengi una wenyewe wengi, utatembea. Binti yangu alinisikiliza, akayaingiza majina yote.

Alhamisi akaimba ndani ya ukumbi uliojaa vijana. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha yakaanza majina. Langu, la baba yangu, la utani, la mwenye unga, la mwenye boti. Alipofika kwa kinyozi, yule mama wa Bukavu akainua mkono.

«Mutoto wangu, hii iko wimbo ao iko liste ya watu wa matanga?»

Ukumbi ukacheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na waya shingoni, na nilicheka pia, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

«Nirudilie kile kipande cha mulima,» akasema.

Binti yangu akaimba kiitikio peke yake. Yule mama akaweka kalamu chini.

«Ule njo wimbo. Kesho saa ine asubuhi urudi uniimbie wote. Jina ata moja, sitaki. Ukitaja moja, nachukua muntu mwingine, na sitakasirika.»

Nyumbani nilisema maneno mengi. Nilisema sono ya tamasha ni yangu, nilisema neno langu limeshatoka kwa watu kumi na mmoja, na mtu aliyetoka kubeba mifuko mpaka hapa hana kitu kingine zaidi ya neno lake. Mwisho nikasema, «Basi, hatuendi.»

Binti yangu alikaa kwenye kizingiti. «Papa, ukisema hapana, sitaenda. Sitaimba nyuma ya mugongo yako. Lakini jina yako niko naimba tangu niko na miaka munane. Niache niimbe mama mara moja tu.»

Mke wangu alikuwa akichambua ndagala kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

«Baba watoto, ule wimbo uko unaimba nani?»

«Unaimba weye.»

«Jina yangu iko mule?»

«Haiko.»

«Wamama wa Kalundu wakiusikia, watajua ni nani ao watauliza?»

«Watajua.»

«Sasa weye unaogopa nini? Kama makelele yako njo ile, ata ukifichwa ndani ya sufuria watakujua.»

Binti yangu akacheka kwanza. Nami nilitaka kukasirika, lakini yule mwanamke amenicheka tangu siku ya amplifaya, na hajawahi kukosea.

Nikatoka. Mchana ule nilizunguka mji kwa miguu, mlango kwa mlango, kurudisha ahadi. Nilibeba mizigo maisha yangu yote na hakuna uliokuwa mzito kama ule. Kinyozi alicheka tu. Mwenye boti alisema anamwombea mtoto. Mwenye unga alikunja mikono juu ya meza yake.

«Mukubwa, tangu lini muntu wa sono anapunguza sauti?»

«Sauti siipunguzi. Minye napunguza majina.»

«Nilisha kuambia bibi yangu kama nitaimbwa.»

«Na minye nilisha kuambia mji muzima. Nani kati yetu ana haya zaidi?»

Sikupewa kiti.

Ijumaa saa nne binti yangu aliimba wimbo wote, mama wa Bukavu akampa nafasi palepale. Alirudi nyumbani juu ya pikipiki huku amesimama kidogo, kama mtu anayetaka kuifikia nyumba kabla ya pikipiki yenyewe.

Jumamosi, saa tisa mchana, uwanja ulijaa mpaka juu ya ukuta. Nisikilizeni, mimi nimepiga sono miaka mingi, lakini siku ile ilitoka safi kiasi kwamba ungesikia mwimbaji akivuta pumzi. Kila waya niliufunga mwenyewe. Na pembeni ya mikono yangu palikuwa na mikro ya pili, ile ninayoiweka siku zote ili nijitangaze.

Akapanda na kitenge cha mama yake kiunoni. Kiitikio cha kwanza watu walisikiliza tu. Cha pili, kutoka nyuma kabisa, walikosimama wanawake wa mchangani na mabeseni yao, sauti moja ikapokea: kunja. Mwingine akapokea kutoka kwake. Ukaenda ule mwito kutoka goli hadi goli, jinsi unavyokwenda ufuoni, na mwanamke mmoja karibu yangu akageuka kuangalia mlima, kwa mazoea, kisha akajicheka. Mke wangu alikuwa kati yao. Nilimwona akifunika mdomo kwa mkono.

Wimbo ukafika mwisho, pale ambapo kwa miaka kumi na moja lilikuja jina langu. Binti yangu aliniangalia kutoka jukwaani. Mikro yake ilikuwa wazi, na uwanja ulikuwa ukingoja. Najijua. Mkono wangu ulikuwa umeshaikamata ile mikro ya pili, na jina lilikuwa limefika kwenye meno.

Nikaizima. Nikapandisha ya kwake, na akaona mkono wangu ukiipandisha. Akarudia kiitikio mara tatu, na mara ya tatu hakuimba tena, aliwanyoshea watu mikro na uwanja ukaimba wenyewe.

Bukavu alikwenda, akarekodi, na sasa wimbo uko kwenye simu za watu wote, kwenye pikipiki, kwenye boti zinazopakiwa Kalundu. Juzi nilipeleka vyombo Makobola. Mzee mmoja akaniuliza, «Weye njo Baba Kunja?» Jina hilo sikumwomba mtu yeyote alitupe ndani ya wimbo wowote. Nikamjibu, «Njo minye,» na nikamwambia arudie, maana sikio langu moja limeharibika kwa kazi.

Mwenye unga bado hanisalimii vizuri. Lakini nikipita mbele ya duka lake nasikia binti yangu anaimba mule ndani tangu asubuhi. Naingia. Naomba unga ambao nyumbani hatuuhitaji, nasema apime polepole, na nasimama pale mezani mpaka wimbo uishe.