Baba na Bunduki Tatu

Mafuta mepesi ya mashine yana harufu inayong'ang'ania puani, tamu kidogo, kali kidogo. Juzi, kwenye ghala ninalofanyia kazi kwa sasa huko Dubai Investments Park, fundi alikuwa akiyapaka kwenye bawaba za mlango wa chuma. Nikasimama na boksi mikononi mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka tisa, ndani ya duka la bunduki Deira, kidevu changu kikilingana na meza ya kioo.

Nawaambieni ninyi, maana nyumbani kwetu jambo hili halisimuliwi.

Baba alikuwa dereva wa mzee mmoja aliyezaliwa Unguja, akaja huku kijana na kutajirika. Tulimwita arbab, yaani bosi, kama kila mtu, ingawa Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Siku ya kuomba kazi, baba aliulizwa kwao alikuwa akifanya nini. Alitoka kwenye kambi ya wawindaji karibu na Rungwa, akajibu kwamba yeye ni mwindaji. Kumbe alikuwa mpishi wa kambi hiyo. Aliona haya kusema ametoka kwenye masufuria. Bibi yangu alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa imetoka Manyoni, ikafika chumba chetu cha Al Muraqqabat, na bado ilikuwa inaendelea. Mimi na mama tulionywa tusifungue mdomo. Kazi ikipotea, na viza zetu sote zimepotea.

Kisha arbab akaalikwa na rafiki zake kwenda Ulaya kuwinda kulungu. Akataka bunduki mpya, akataka baba aichague, halafu afuatane naye huko msituni. Ijumaa hiyo mama alikuwa zamu hotelini Dubai Marina, hakukuwa na wa kuniachia, nikapakiwa garini.

Muuzaji, Msudani mpole mwenye glavu nyeupe, alilaza bunduki tatu juu ya kitambaa. Mbili zilikuwa za kujikoki zenyewe: ukivuta triga inatoka risasi moja, na inayofuata inakaa tayari mahali pake. Moja ya hizo ilikuwa na kitako cha mti chenye mawimbi ya rangi ya chai. Nyingine nyeusi tupu, na magazini refu la risasi limetokeza chini. Ya tatu ilitaka uikoki kwa mkono kila mara.

“Haya Yusufu,” arbab akasema, “wenzangu wote wana hizi za haraka. Wewe ndo mjuzi. Ipi?”

Baba akainyanyua ile nyeusi, akaipima uzito jinsi mtu anavyopima paja la mbuzi buchani. Muuzaji akauliza jambo kwa Kiarabu, arbab akatafsiri: kule kwao walikuwa wakipiga kwa umbali gani?

“Inategemea,” baba akasema.

“Inategemea nini?”

“Upepo.”

“Upepo tu?”

“Na mnyama mwenyewe.”

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma, lakini jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Nikaona nimsaidie. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, na nilichojibiwa sikukisahau.

“Baba, si ulisema mnyama akipigwa harakaharaka nyama inakuja imevilia damu, mnatupa bega zima kule jikoni?”

“Jikoni wapi?” Arbab alinitazama mimi, si baba.

Baba akairudisha bunduki kwenye kitambaa, taratibu. “Nilikuwa mpishi, arbab. Miaka sita. Bunduki sijafyatua hata siku moja.”

“Lo! Miaka minne wanisimulia nyati!”

“Nyati niliwapika.”

Muuzaji akataka kujua kulikoni. Arbab hakumtafsiria. Alichezea tasbihi yake. “Basi nambie hayo ya jikoni,” akasema mwishowe.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile baba alizungumza bila kukohoa. Mnyama wa risasi moja, alieleza, alifika na nyama safi. Aliyepigwa tatu na mtu mwenye pupa alikuwa amekimbia mbali kabla ya kufa. Alifika na mabega meusi, na nyama yake hailainiki hata uichemshe mchana kutwa. “Inayojikoki haina kosa. Ukikosea ya kwanza, ya pili inampunguzia mnyama mateso. Lakini magazini refu linampa mtu uvivu wa kulenga. Chukua ya mti, inabeba chache.”

“Na hii ya mkono?”

“Bega lako la kulia linakuuma. Mkanda wa gari nakufungia mimi kila siku.”

Arbab akachukua ya mti. Mlangoni akageuka. “Safari huendi. Msituni nataka mtu aliyewahi kupiga. Lakini kesho saa moja gari liwe mlangoni.”

“Inshallah, arbab.”

“Si inshallah. Saa moja!”

Nyumbani baba hakunigombeza. Alijilaza na viatu miguuni, akasema, “Leo nitalala,” akalala tangu adhuhuri mpaka mama aliporudi. Nilijua nimemkosesha Ulaya, na kwa miaka mingi nilijihesabu mchongezi.

Shule niliiacha mapema, nikahama kazi hadi kazi. Nimewahi kuapa kwamba najua kuendesha foklifti, kwamba nimeoka mikate, kwamba nimelinda benki. Nakijua kitanda kisicho na usingizi cha mtu anayengoja siku ya kuambiwa, “Haya, tuonyeshe.” Na kilichomngoja baba hakikuwa mikate. Huko alikokuwa akienda, mtu mwenye bunduki iliyojaa angemgeukia amuulize: nipige au nisipige?

Siku ile nilimvua viatu, kimoja baada ya kingine, wala hakushtuka. Mimi nikadhani usingizi ule ni wa huzuni.