Jeshi la Mawe la Nyakundi

Enzi zetu pale Tabaka, aliyetaka vita alichonga askari kwanza. Siku hizi wajukuu wangu hupigana kwa kidole kimoja, wamelala kwenye kochi.

Kakangu Nyakundi aliona picha kwenye kitabu cha mwalimu: askari wa kukodiwa wa Ulaya ya kale, mikono ya nguo imefura kama maboga, mistari myekundu na myeupe, mikuki mirefu ajabu. Alirudi mbio. "Moraa, hao ndio tutachonga!" Alichonga mabaki ya mawe laini ya baba yetu mchongaji, nami nikasugua kwenye karai la maji, kama mama alivyosugua bakuli zake za mawe, mpaka vidole vikakunjamana. Mikuki ilikuwa vijiti vya ufagio.

Vita vilipangwa Jumapili, maana Jumamosi ilikuwa Sabato na hatukuthubutu. Binamu yetu Ombati aliweka sharti: jeshi lisilovaa kama kwenye picha limeshindwa, na mshindi atamchukua nahodha wa mwenzake. Nahodha wetu alikuwa wa jiwe la waridi, kofia yake ina unyoya.

Kwa haraka tukawapaka rangi nyekundu iliyobaki ya mlango, wakiwa wametoka majini punde tu. Jua likawaka, rangi ikafura, ikabanduka.

"Yaaya! Jeshi lina upele!" Ombati akacheka hadi akakaa chini.

Mama akapita na karai lake. "Jiwe lililokunywa maji halishiki rangi. Mnaishi na mawe, hamyajui?"

Nyakundi alishika msumari, akafuata palipobanduka, akakwaruza kutoka juu hadi chini, vile mama alivyochora maua kwenye bakuli. Weupe wa jiwe ukatokea. Mistari! Myekundu, myeupe, myekundu! Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

"Haya, waingie," Ombati akasema. Hakucheka tena.

Tulirusha kete ya jiwe. Aliyepata madoa mengi aliangusha askari wa mwenzake. Tulipigana mavumbini hadi ng'ombe wakarudi. Tukashindwa. Nahodha akaenda.

Mwezi uliopita tulimzika Nyakundi. Ombati, sasa mzee wa mkongojo, alinifuata kaburini, akafungua leso. Nahodha, na mistari yake.

"Dada, nilikuwa namtunzia tu."

Wajukuu waliniuliza anabonyezwa wapi. Askari wao wakifa, mchezo huanza upya nao huamka. Huyu wangu habonyezwi popote. Nimemweka dirishani, nikampa mkuki mpya wa ufagio, na kila asubuhi nampangusa vumbi. Kwa kitambaa kikavu.